Thumuni Iliyogeuka Sifuri: Somo la Kugawanya Namba katika Programu



Ndugu msomaji, fungua kompyuta yako na uiulize Java: 1/8 ni ngapi? Itakujibu 0. Iulize Python tunayoitumia leo swali hilo hilo, itakujibu 0.125. Alama ni ile ile, na hakuna lugha iliyokosea kati ya hizo mbili, kwa sababu kila moja inafuata kanuni yake. Aliye hatarini ni yule anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine akidhani kwamba mkwaju wa kugawanya una maana moja kila mahali. Na aliye hatarini zaidi ni mtu ambaye haki yake inapita katika mstari huo wa programu na wala hajui kama kompyuta ilihusika.

Vitabu vyetu vya darasani hulieleza jambo hili kwa wastani wa maksi au bei ya machungwa. Mimi nitalieleza kwa mirathi. Sifanyi hivyo kwa sababu tu jarida hili ni letu Waislamu. Kosa hili likiingia katika hesabu ya mirathi halipigi ovyo: lina watu maalumu linaowanyang'anya, na tutaona ni akina nani.

KANUNI YENYEWE

Katika Java, C na C++, ukigawanya namba kamili kwa namba kamili, jibu ni namba kamili. Sehemu ya desimali haikadiriwi kwenda juu wala chini, inakatwa na kutupwa. Kwa hiyo 7/2 ni 3, na 99/100 ni 0. Tuseme mweka hazina wa jumuiya anataka kujua ni asilimia ngapi ya wanachama 52 wamekwishatuma mchango wa futari kwa MoMo, akaandika waliochangia / wote * 100. Wakichanga watu 37 atapata 0. Wakichanga 51 atapata 0. Akichanga wa 52, ghafla inakuwa 100. Mweka hazina huyo atakaa Ramadhani nzima akiwalaumu ndugu zake kwa ubahili.

Python ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2001 wasimamizi wa lugha hiyo walikubali pendekezo la kutenganisha alama mbili: mkwaju mmoja utoe desimali, mikwaju miwili (//) itoe namba kamili. Badiliko hilo likawa kanuni ya kawaida katika Python 3 iliyotoka Desemba 2008, na Python 2 iliachwa kuhudumiwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. JavaScript nayo ina njia yake: namba zake za kawaida zote ni za desimali, hivyo 7/2 ni 3.5 daima. Ndiyo maana wanafunzi wa siku hizi, ambao wengi huanzia Python au JavaScript, hawana woga wa mkwaju. Wazee waliosomea C walikuwa nao.

Kuna tofauti nyingine ndogo ambayo nitaipita haraka. Kwa namba hasi, Java hukata kuelekea sifuri, hivyo -7/2 ni -3. Python yenye mikwaju miwili hushuka chini, hivyo -7//2 ni -4. Anayeandika programu ya madeni alikumbuke hilo.

FAMILIA MOJA YA MUHIMA

Mwanafunzi mwenzetu, ambaye ameniruhusu nieleze bila kumtaja, aliandika programu ya mirathi katika Python. Akaijaribu kwa mifano ya kitabu cha faraidhi na ikatoa majibu sahihi. Kisha akaiandika upya katika Java ili iingie kwenye simu, akahamisha mstari kwa mstari. Programu ikaenea kwa ndugu na jamaa kama vitu vya bure vinavyoenea.

Familia moja ya Muhima, chini huko karibu na Nyabugogo, ilifiwa na baba. Marehemu aliacha mjane, mama yake mzazi, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Baada ya mazishi kulipiwa na madeni kuondolewa, na hakukuwa na wasia, zilibaki faranga 28,437,560. (Kiasi hicho nimekibadilisha ili familia isijulikane, lakini warithi ni hao hao.) Rwanda hatuna mahakama za Kadhi kama wenzetu wa Kenya na Zanzibar. Hesabu ya faraidhi hufanywa baina ya familia na shekhe wanayemwamini. Kijana mkubwa akatumia programu ya simu, akachapisha karatasi, akaipeleka kwa shekhe ili athibitishe tu.

Karatasi ilisema hivi: mtoto wa kiume wa kwanza faranga 11,375,024, wa pili faranga 11,375,024, binti faranga 5,687,512. Mbele ya jina la mjane iliandikwa "amezuiwa". Mbele ya jina la bibi iliandikwa "amezuiwa".

Jumlisha mwenyewe. Inatoka 28,437,560 kamili, bila faranga moja kupotea.

Shekhe hakujumlisha. Alitazama neno "amezuiwa" akaweka karatasi chini, kwa sababu kila aliyesoma faraidhi hata mwezi mmoja anajua kwamba wako sita wasiozuiwa kabisa na mrithi mwingine: mume, mke, baba, mama, mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Mafungu yao yanaweza kupungua, lakini hayafutwi. Karatasi ikarudishwa, na ndipo nilipoombwa niisome programu. Mistari iliyohusika ni hii:

int mali = 28437560;
int mke = mali * (1/8);
int mama = mali * (1/6);
int baki = mali - mke - mama;

Mabano yanafanyiwa kazi kwanza. 1/8 ni 0, na 1/6 ni 0. Mali mara sifuri ni sifuri. Kinachobaki ni mali yote, na kinagawiwa watoto kwa kanuni ya wa kiume kupata mara mbili ya wa kike. Na kwa kuwa mwandishi alipanga kwamba mrithi mwenye sifuri aandikiwe "amezuiwa", kosa la hesabu likavaa kanzu ya fiqhi.

Kwa nini majaribio hayakuligundua? Jaribio pekee alilolihamisha kutoka Python lilikuwa kuhakikisha kwamba jumla ya mafungu ni sawa na mali. Lakini baki inapatikana kwa kutoa. Jumla itakuwa sawa siku zote, hata ukimpokonya kila mwenye haki, maana ulichompokonya huyu umekirundika kwa yule. Jaribio la jumla linakuambia fedha hazikupotea. Halikuambii zimekwenda kwa nani.

NANI ANAYEPOTEA

Mafungu yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Yote ni chini ya moja. Kwa hiyo yote sita, yakiandikwa kama mgawanyo wa namba kamili katika Java au C, ni sifuri. Hakuna hata moja linalosalimika. Anayesalimika ni asaba, yaani mrithi asiye na fungu maalumu anayechukua kinachobaki.

Sasa wanazuoni wamewahesabu wenye mafungu maalumu wakawapata 12: wanaume 4 (mume, baba, babu na ndugu wa kiume wa kwa mama) na wanawake 8 (mke, mama, bibi, binti, binti wa mtoto wa kiume, dada wa baba na mama, dada wa kwa baba na dada wa kwa mama). Ukiyafuta mafungu yote, wengi wa wanaopoteza ni wanawake, na wanaobaki na mali aghalabu ni wanaume wa upande wa baba.

Hilo si geni. Inapokewa kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba mjane wa Saad bin Rabii, aliyekufa shahidi Uhud, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na mabinti wawili wa Saad kulalamika kwamba ami yao amechukua mali yote na hakuwaachia kitu. Ikashuka aya ya mirathi. Mtume (s.a.w.) akamwagiza ami awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki kiwe chake. Weka warithi hao katika programu ya ndugu yetu: mabinti 2/3, ambayo ni 0, mjane 1/8, ambayo ni 0, baki yote kwa ami. Programu imefanya vilevile alivyofanya ami kabla ya aya kushuka, na mwandishi wake ni kijana asiyekosa swala ya jamaa.

Kwa hesabu sahihi, mali ya Saad ingegawanywa mafungu 24: mabinti 16, mjane 3, ami 5.

DESIMALI NAZO ZINA YAO

Wengi wakishagundua tatizo hukimbilia namba za desimali. Kwanza wanaandika double mke = mali * (1/8), wanapata 0.0, wanashangaa. Kubadilisha aina ya namba upande wa kushoto hakusaidii kitu, kwa sababu mabano yamekwisha kutoa sifuri kabla matokeo hayajafika kushoto. Lazima mmoja wa wanaogawanywa awe desimali: 1.0/8. Hapo mjane anapata 3,554,695, na mama anapata 4,739,593.333 na kuendelea. Afadhali.

Lakini sikiliza mas-ala haya. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mama na ndugu mmoja wa kwa mama. Mume nusu, mama thuluthi, ndugu sudusi. Kwa mkono: 3 na 2 na 1 ni 6, mali imekwisha bila kuzidi wala kupungua. Kwa desimali za kompyuta, 1.0/2 + 1.0/3 + 1.0/6 inatoa 0.9999999999999999. Geuza mpangilio, anza na sudusi, kisha thuluthi, kisha nusu: inatoa 1.0 kamili. Kwa maneno mengine, jibu linategemea nani ametajwa kwanza. Kama programu yako ina mstari unaosema "jumla ikiwa chini ya 1, warudishie wenye mafungu kilichobaki", familia hiyo itaingizwa katika mlango wa raddi pasipo na cha kurudisha.

Chanzo chake ni hiki. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na namba ya double ina nafasi ya tarakimu 53 za maana, kwa kiwango cha IEEE 754 kilichotolewa mwaka 1985. Kama vile sisi tunavyoshindwa kuandika thuluthi kwa desimali tukaishia kuandika 0.333 hadi karatasi iishe, kompyuta inashindwa kuandika kila sehemu ambayo chini yake kuna namba isiyotokana na kuzidisha 2 kwa 2. Ndiyo maana hata 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004.

Hapa kuna jambo lililonifurahisha nilipoliona. Vitabu vya faraidhi hugawa yale mafungu sita katika makundi mawili: kundi la nusu, robo na thumuni, na kundi la thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Kundi la kwanza lote kompyuta inaliandika kwa ukamilifu, na kundi la pili lote inalikadiria. Mpaka kati ya makundi ya mafakihi ndio mpaka huo huo ndani ya mashine. Si muujiza, wala sitaki mtu ausambaze kama muujiza. Kundi la kwanza ni la 2 peke yake, la pili limeingiwa na 3, na wale waliogawa makundi walijua hesabu.

WANAZUONI WALIVYOFANYA

Tena walijua kuliko tunavyowapa sifa. Neno algorithi ambalo kozi zetu zimejaa linatokana na jina la Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad wakati wa Khalifa al-Ma'mun, mwanzoni mwa karne ya 9. Kitabu chake cha al-jabr, kilichoipa aljebra jina lake, kina sehemu ndefu sana juu ya wasia na mirathi. Watu hutaja nusu ya kwanza wakaisahau hiyo.

Njia ya faraidhi haitumii desimali popote. Kwanza inatafutwa asili ya mas-ala, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa mafungu yote yaliyopo. Kwa familia ya Muhima kuna thumuni na sudusi, hivyo asili ni 24. Mjane ana 3, mama ana 4, watoto wana 17 zilizobaki. Watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja ni vichwa 5 (2 na 2 na 1). Je, 17 inagawanyika kwa 5? Hapana. Mwanafunzi wa Java angeandika 17/5, angepata 3, angetupa 2. Mwanafunzi wa madrasa haruhusiwi kutupa. Anatazama uhusiano wa 17 na 5: zinalingana, au moja inaingia katika nyingine, au zina kigawo cha pamoja, au hazina. Wanazuoni waliita hali hizo tamathul, tadakhul, tawafuq na tabayun. Hizi hazina kigawo cha pamoja, hivyo anazidisha asili yote kwa 5. Kazi hiyo huitwa tas-hihi, kusahihisha. Asili inakuwa 120: mjane 15, mama 20, kila mtoto wa kiume 34, binti 17. Jumlisha: 120.

Kila namba ni kamili na hakuna kilichokatwa. Kugawanya kumeahirishwa hadi mwisho, baada ya kuzidisha kote kumalizika. Hiyo ndiyo tiba ya kosa letu katika lugha yoyote, na ndivyo nilivyoshauri programu iandikwe: kila mrithi ahifadhiwe kama idadi ya mafungu, mas-ala yawe na asili moja, kisha

sehemu = mali * mafungu / asili;

kwa mpangilio huo huo, kuzidisha kwanza. Anayependa Python atumie Fraction, ambayo huhifadhi 1/6 kama 1 na 6, wala haiigeuzi desimali.

Njia hii inatatua na aul pia, yaani mafungu yanapozidi mali. Tatizo hilo lilimfikia Khalifa Umar (r.a.) kwa mwanamke aliyeacha mume na dada wawili: nusu na thuluthi mbili, 3 na 4 juu ya 6. Aliwashauri masahaba, na asili ikapandishwa kutoka 6 kuwa 7, kila mmoja akapunguziwa kwa uwiano. Ibn Abbas alikuwa na rai nyingine, lakini jumhuri wa wanazuoni walikwenda na hiyo. Na Ali (r.a.) aliulizwa akiwa juu ya mimbari kuhusu mke, mabinti wawili, baba na mama. Hesabu: 3, 16, 4 na 4, jumla 27 juu ya 24. Akajibu pale pale kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani 3 juu ya 27. Katika programu ni mstari mmoja: jumla ya mafungu ikizidi asili, asili ichukue thamani ya jumla. Kwa desimali ungelazimika kulinganisha 1.125 na 1 na kuomba Mungu kwamba ile 0.9999 ya juzi haitarudi kwa sura nyingine.

FARANGA MBILI

Turudi kwa mali yetu. Faranga 28,437,560 mara 15 gawanya kwa 120: mjane 3,554,695 kamili. Mama 4,739,593 na thuluthi ya faranga. Kila mtoto wa kiume 8,057,308 na thuluthi mbili za faranga. Binti 4,028,654 na thuluthi.

Thuluthi ya faranga haipo. Faranga ya Rwanda haina senti zinazotumika. Katika orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, faranga yetu imeandikwa kuwa na tarakimu 0 baada ya nukta, sawa na ya Burundi na shilingi ya Uganda, wakati shilingi za Kenya na Tanzania zina 2. Kwa hiyo ndugu yetu hakukosea kuchagua int kwa fedha za Rwanda. Kwa fedha, namba kamili ndiyo chaguo sahihi. (Ukiandikia watu wa Mombasa, hesabu kwa senti.)

Ukikata desimali zote unapata jumla ya 28,437,558. Faranga 2 hazina mwenyewe. Kukadiria kwa namba iliyo karibu nako si salama: gawa faranga 5 kwa watu watatu, kila mmoja 1.67, kadiria iwe 2, umegawa faranga 6. Ya sita imetoka wapi? Njia iliyo wazi ni kukata kwanza, kisha kuwapa faranga moja moja walio na masalio makubwa zaidi hadi baki iishe. Masalio yanapatikana kwa alama ya asilimia: mali * mafungu % asili. Hapa watoto wa kiume wana masalio makubwa, kila mmoja anaongezewa 1. Au familia ikubaliane zitolewe sadaka. Vyovyote iwavyo, programu iseme kwa maandishi kwamba kuna faranga 2 na zimekwenda wapi.

Kuna atakayeuliza, faranga 2 ni nini? Kwa familia moja, si kitu. Lakini Januari 1982 soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo cha bei kikianzia 1000. Kompyuta yao ilikihesabu upya maelfu ya mara kwa siku, na kila mara ilikata tarakimu baada ya desimali tatu badala ya kukadiria. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeporomoka hadi karibu 525 ingawa soko lilikuwa linapanda. Waliposahihisha hesabu, kilitakiwa kuwa 1098.892. Kila mkato ulikuwa chini ya elfu moja ya pointi.

MTEGO WA MWISHO

Nimesema zidisha kwanza. Ukizidisha kwanza kwa int, unaweza kuangukia shimo jingine. Namba ya int katika Java ina biti 32, na mwisho wake ni 2,147,483,647. Ni bilioni mbili na kidogo, ambazo kwa faranga za Kigali si namba kubwa. Tuseme unatafuta fungu la watoto wote pamoja, 85 juu ya 120. Mali mara 85 ni 2,417,192,600. Imepita mpaka. Java haisimami wala hailalamiki. Inazunguka upande wa pili na kukupa -1,877,774,696, ukigawanya kwa 120 unapata -15,648,122. Watoto watatu waliofiwa na baba sasa wanadaiwa milioni kumi na tano. Tumia long badala ya int, ambayo mwisho wake una tarakimu 19, na mtego huu umekwisha kwa mali yoyote ya mwanadamu wa kawaida.

Zakati ina mtego huo huo. Mtu mwenye akiba ya faranga 90,000,000 akiandika mali * 25 / 1000 kwa int, atazidisha hadi 2,250,000,000 na kupata zakati hasi. Akiandika mali * (25/1000) atapata 0, na pengine atafurahi. Lakini mafakihi hawakutufundisha asilimia 2.5, walitufundisha robo ya ushuri, moja katika arobaini. Aandike mali / 40: faranga 2,250,000, bila mabano, bila kuzidisha.

ZOEZI

Programu ya ndugu yetu imekwisha andikwa upya, na yule mjane wa Muhima na mama mkwe wake wamepata vilivyo vyao. Wewe nawe andika yako kwa lugha unayoijua, halafu iletee warithi hawa: mume, dada wawili wa baba na mama, na mama mzazi. Mama ana sudusi kwa sababu ndugu wa marehemu ni wawili. Mali ni faranga 10,000,000. Kwa mkono inatoka hivi: asili 6, mafungu 3, 4 na 1, jumla 8, hivyo asili inapanda kuwa 8. Mume 3,750,000, kila dada 2,500,000, mama 1,250,000. Ukishapata majibu hayo, ongeza faranga moja tu kwenye mali, iwe 10,000,001, uiendeshe tena, na utazame faranga hiyo programu yako imempa nani.